Saini Inayoitangulia Mahakama

Nchini Kenya, mali ya marehemu haiwi ya warithi kwa sababu tu matanga yameanuliwa na wosia umesomwa mbele ya ukoo, kwani Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inaitaka mahakama iuthibitishe wosia huo kwanza, kisha impe hati wasii, yaani mtu aliyetajwa na marehemu kuutekeleza. Kifungu cha 45 kinamkataza asiye na idhini ya kisheria kuitwaa, kuiuza au kuiingilia mali hiyo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Faini hiyo, kwa bei za viwanja vya leo, haimtishi tapeli yeyote, ila mkosaji huwajibika pia kwa kiasi cha mali aliyoichezea.

Hata hivyo, si kila saini ya mapema ni batili. Wasii hupata mamlaka yake katika wosia wenyewe, hivyo wosia ukishathibitishwa, matendo yake ya awali yanayolingana na wajibu wake huhesabiwa halali tangu siku ya kifo, ilhali msimamizi wa mirathi, anayeteuliwa na mahakama pasipo na wosia, hana nguvu yoyote kabla ya kukabidhiwa hati. Lakini hata wasii haruhusiwi kuuza ardhi au nyumba mpaka hati yake iidhinishwe na mahakama kwa mara ya pili, kwa kawaida baada ya miezi 6, kwa hiyo anayenunua shamba kaburi likiwa bado bichi ananunua kesi.

Saini ya kuogopwa zaidi ni ya ridhaa ya mgawanyo, ambayo kwayo warithi hukubali mali igawanywe kama ilivyopendekezwa. Ridhaa hiyo huendana na orodha ya nambari ya kila kiwanja na fungu la kila mrithi, na anayeletewa ukurasa wa mwisho peke yake, wenye majina na mistari mitupu, anaombwa kuridhia asichokiona. Mahakama yaweza kuibatilisha hati iliyopatikana kwa ulaghai, lakini huenda wakati huo nyumba imekwisha kupata mwenyewe mwingine.

Kabla ya kushika kalamu, mrithi na adai nakala ya wosia na nambari ya kesi ya mirathi, na akiwa na pingamizi aliwasilishe ndani ya muda uliotangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambao haupungui siku 30.