Mwili Ukiwaka Ndani, Akili Nayo Huumia

Mtoto akipatwa na homa huacha kucheza, hukataa chakula na hulala mchana kutwa. Hakuna mzazi wa Olympic anayemwita mvivu. Mtu mzima akiwa hivyo kwa miezi mitatu, majirani kwenye ploti husema ana kiburi, au amerogwa.

Huenda chanzo kikawa kimoja. Mwili ukivamiwa na viini, chembechembe za kinga hutoa kemikali ziitwazo saitokini. Ndizo huleta uvimbe, joto na maumivu. Zikizidi kwenye damu, ujumbe wake hufika kwenye ubongo, nao humlazimisha mgonjwa kupumzika: hamu ya kula hupotea, hata mazungumzo humchosha. Kwa siku chache hali hiyo husaidia kupona. Tatizo huja uvimbe huo wa ndani usipotulia, kama katika kifua kikuu, VVU visivyotibiwa au baridi yabisi.

Ushahidi ulio wazi ulitokana na dawa. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walipodungwa intaferoni, ambayo ni mojawapo ya kemikali hizo, wengi walipata sonona, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuugua akili. Hata hivyo, si kila sonona hutokana na uvimbe. Kodi ya nyumba, kufiwa na kukosa kibarua havionekani kwenye kipimo cha damu.

Lipo jambo lisilongoja. Mtu aliyerudi juzi kutoka Siaya, Busia au Homa Bay, kisha akapata homa na kuanza kuweweseka, huenda malaria imefika kwenye ubongo. Mzee aliyekuwa timamu jana na leo hawatambui wanawe huenda ana nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Hao wapelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Maombi yanaweza kufanyika njiani.

Usinunue dawa za maumivu kutibu huzuni. Zikitumiwa ovyo huharibu tumbo na figo. Anayetumia dawa za TB au ARV akibadilika tabia asiziache kimyakimya. Baadhi ya dawa hizo zenyewe huweza kuvuruga akili, na daktari anaweza kuzibadilisha.

Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, haitozwi. Na ukifika kliniki au Hospitali ya Mbagathi, taja yote mawili, kikohozi na huzuni, kwa sababu mhudumu aliyeambiwa kikohozi pekee atatibu kikohozi pekee.