Chama Kimeanguka, Kimevunjika au Kimevunjwa?

Barua nyingi zinazofika katika vyama vya msingi huandikwa kwa Kiswahili, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo mikataba ya mikopo, baadhi ya taarifa za wakaguzi wa hesabu, na barua za wanunuzi wa kahawa walio ng'ambo bado huja kwa Kiingereza. Katibu ndiye anayetazamiwa kuzisoma na kuwaeleza wajumbe wa bodi na wanachama maana yake. Penye habari njema hapana taabu kubwa. Taabu huanza penye habari ya kushindwa kwa ghafla, kwani Kiingereza kina maneno mengi ya jambo hilo, na mara nyingi yote hutiwa katika kapu moja la Kiswahili: "kuanguka" au "kufilisika". Wanachama wakisikia "kufilisika" hukimbilia kutoa akiba zao, ingawa pengine barua ilisema tu kwamba rejesho la mwezi limechelewa.

Tuanze na "collapse". Asili ya neno hili ni Kilatini, nalo lilikuwa na maana ya kuanguka pamoja, yaani sehemu zote za kitu kushuka kwa mara moja. Waingereza hulitumia kwa nyumba, daraja, serikali, bei, hata kwa mtu aliyezimia njiani. Wakazi wa Karatu na Ngorongoro wana mfano wake mbele ya macho yao. Kasoko ya Ngorongoro, yenye upana wa kilomita 20 hivi na kina cha meta 600 hivi, haikuchimbwa na mto wala na upepo. Hapo palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Kati ya miaka 2,000,000 na 3,000,000 iliyopita miamba iliyoyeyuka chini yake ilitoka, pakabaki uwazi, na kilele kilichokosa cha kukishikilia kikadidimia ndani. Wataalamu wa miamba huliita tukio hilo kwa neno hilohilo. Basi litumikapo kwa chama, mara nyingi msemaji hadokezi pigo kutoka nje, bali kwamba kilichokuwa kikikishikilia chama, kama vile mtaji au imani ya wanachama, kilikuwa kimekwisha kupungua kabla ya siku ile. Kiswahili chake kizuri ni "kuporomoka".

"Crash" ni neno jingine kabisa, ijapokuwa magazeti huyachanganya. Limetokana na mlio wa kitu kinachogonga na kuvunjika, kama Kiswahili kilivyo na "pu" na "chubwi". Ndege hupata ajali kwa neno hili, kompyuta huzimika kwa neno hili, na soko la hisa la New York lilishuka kwa neno hili mwezi Oktoba 1929. Msisitizo wake ni kasi na kishindo. Wakulima wa mbaazi watakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kwa mwaka. Bei hapa Tanzania ilishuka ghafla ilhali mkulima hakuwa amekosa neno lolote shambani mwake. Bei ikishuka polepole na kukaa chini muda mrefu, Waingereza husema "slump", yaani kudorora. Katibu anayetafsiri barua ya mnunuzi azitofautishe hali hizi mbili, kwa sababu uamuzi wa kuuza mazao au kuyaweka ghalani hutegemea tofauti hiyo.

"Breakdown" ni kuharibika kwa trekta au mashine ya kukoboa, na pia kuvunjika kwa mazungumzo. Lakini mkaguzi akiomba "breakdown" ya matumizi, hakuna kilichoharibika: anataka mchanganuo wa hesabu, kila kifungu peke yake.

Neno linalodhuru zaidi likikosewa ni "default". Maana yake ni kutotimiza sharti la mkataba, hasa kutolipa siku iliyopangwa. Chama chaweza kuwa na ghala lililojaa ngano na bado kikawa katika hali hiyo, kwa kuwa malipo ya mnunuzi yalifika baada ya tarehe ya rejesho. Huko si kufilisika hata kidogo. Lakini si jambo dogo pia, maana mikataba mingi humruhusu mkopeshaji, hali hiyo itokeapo, kudai deni lote kwa mara moja. Kifungu hicho kisomwe kabla ya kutia sahihi. (Katika kompyuta neno hilohilo lina maana ya mpangilio unaokutwa tangu mwanzo, na makatibu wasitishike walionapo.)

"Bankrupt" ndilo hasa kufilisika. Lilitoka Italia, kwa maneno yenye maana ya benchi lililovunjika, yaani meza ya mbadili fedha. Kisheria neno hilo humhusu mtu binafsi aliyeshindwa kulipa madeni. Chama cha ushirika hufutiwa usajili na Mrajis, naye huteua mfilisi. Benki nazo zina njia yao. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki 5, miongoni mwao Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Mitaani ilisemwa zimefilisika. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikawekwa kuwa mfilisi.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hulieleza kwa usahihi kupita Kiingereza. "Kuvunjwa" kuna mtendaji, "kuvunjika" hakumtaji. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Anayeandika kwamba mwaka ule vyama "viliporomoka" amemwondoa mtendaji katika historia. Hivyo hivyo taarifa ya Kiingereza isemapo fedha za chama "were lost", maneno hayo hubeba maana mbili, na katibu hana budi kuchagua kati ya "zilipotea" na "zilipotezwa". Penye shaka, amwandikie mkaguzi kumwuliza, na jibu liwe limefika kabla ya taarifa kusomwa katika mkutano mkuu.