Vita ya Prosesa Ilipofika Mlimani

Novemba 2005, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta mpakato ndogo ya kijani ya mradi wake, iliyokusudiwa mtoto wa kijijini. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alikuwa kando yake. Mashine ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili kujipatia umeme, na mkono huo ulichomoka palepale mbele ya watu. Bei iliyonadiwa ilikuwa dola 100, na prosesa ilikuwa ya kampuni ya AMD.

Intel, iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la prosesa, haikukubali mamilioni ya watoto waanzie kwa mpinzani. Ikatoa kompyuta yake, Classmate, ikabisha hodi kwenye wizara zilezile za elimu ambazo Negroponte alizifuata. Julai 2007 pande hizo zilipatana na Intel ikajiunga na mradi wa Negroponte. Januari 2008 ilijitoa, maana ilitakiwa iache kuinadi Classmate nayo haikutaka. Wakati huo bei ya ile mashine ya dola 100 ilikuwa inakaribia 190.

Mimi huupima mradi ule kwa Amani, Usambara Mashariki. Ukishapanda kona za kutoka Muheza unakuta ukungu, mvua nyingi na mashamba ya chai. Unyevu huingia hata kabatini. Kompyuta ya mezani huku huvuta hewa hiyo kwa feni kutwa nzima, na mti ukiangukia waya wa umeme, somo limekwisha. Ile mashine ya kijani haikuwa na feni wala diski ya kuzunguka, ilikula wati chache tu, na kioo chake kilisomeka juani. Ilifaa mlimani kuliko nyingi zilizoishinda. Lakini prosesa yake ilikuwa ya megahezi 433, na kwenye jedwali la zabuni namba hiyo inaonekana duni. Rwanda ilinunua zaidi ya 200,000, halafu ikageukia mashine za Positivo zenye prosesa za Intel.

Amani ilishapitia jambo kama hili, la kitu kinachofaa kushindwa na soko. Wajerumani walifungua taasisi yao ya kilimo hapa mwaka 1902, wakaotesha mikwinini. Soko la kwinini lilikuwa la Waholanzi wa Java, na Amani haikuweza kulitikisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, ndipo magome ya mlimani yakatengenezewa kwinini ya kutibu askari wa koloni.

Shuleni leo mashine haiji kwa mpango wa AMD wala wa Intel. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vya makarani viligawiwa walimu. Ni jambo jema, nami nalisifu bila kusita, ila vilinunuliwa kwa kazi ya kuhesabu watu. Bando analipa nani? Kioo kikipasuka, kinapelekwa wapi?

Nje ya shule, vita vimekwisha kwa namna ambayo wapiganaji wawili hawakuitarajia. Mkulima wa iliki au mdalasini anayepokea malipo kwa simu ana Tecno au itel mkononi, na ndani mara nyingi mna prosesa ya MediaTek au Unisoc. Intel ilifuta mipango ya prosesa zake za simu mwaka 2016. Mkulima hakuuliza jina la prosesa. Aliuliza kama simu inakaa na chaji, na kama fundi wa Muheza ana betri yake.

Hayo ndiyo maswali ninayotaka yaandikwe ukurasa wa kwanza wa zabuni yoyote ya kompyuta za shule za milimani: inakaa saa ngapi bila umeme, vipuri vinapatikana Tanga au mpaka Dar es Salaam, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuifunga tena? Kampuni isiyoweza kuyajibu, hata iwe na prosesa yenye kasi kuliko zote sokoni, isifikishwe ukurasa wa pili.