Kupata Vipimo vya Saikolojia kwa Utafiti: Chanzo, Haki na Lugha

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu huzuni, hofu au akili hukabiliwa mapema na swali moja: kipimo atakitoa wapi? Wengi hunakili dodoso lililoambatishwa mwishoni mwa tasnifu ya mwenzao. Njia hiyo ni fupi lakini ina hatari, kwani nakala haionyeshi kipimo kilitungwa kwa ajili ya nani, wala kama maswali yote yamo. Mambo matatu yapasa kuchunguzwa.

La kwanza ni chanzo. Mwaka 1938 Oscar Buros alianzisha nchini Marekani mfululizo wa vitabu uitwao Mental Measurements Yearbook. Vitabu hivyo havitoi maswali yenyewe, bali hueleza kila kipimo kinapima nini na wataalamu wanakihukumuje. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilifungua hazina ya PsycTESTS mwaka 2011. Asiyeweza kuzifikia hazina hizo na aitafute makala ya kwanza ya mtungaji, kwa kuwa mara nyingi humo ndimo zinamopatikana kanuni za kutoa alama.

La pili ni haki. Kipimo cha sonona cha Aaron Beck, kilichotolewa mwaka 1961, kina mwenyewe na huuzwa. PHQ-9, kilichochapishwa mwaka 2001, kina maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27, nacho hutumiwa bila malipo. Hata hivyo, kutolipa si kukosa wajibu. Swali lake la mwisho lahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mtafiti asiyejua atampeleka wapi mtu atakayejibu ndiyo, hajawa tayari kuliuliza.

La tatu ni lugha, na hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Mwaka 1954 André Ombredane alichapisha utafiti uliotumia Congo TAT, yaani picha zilizotengenezwa kwa ajili ya Wakongomani badala ya zile za Marekani. Kazi hiyo ilizaliwa katika fikra za kikoloni, lakini ilikiri kwamba kipimo hakisafiri bila kubadilishwa. Ikiwa picha ni hivyo, maneno je?

Orodha ya Hopkins yenye vipengele 25, yaani 10 vya wasiwasi na 15 vya sonona, imekwisha kutumika mashariki mwa Kongo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Katika Kiingereza chake, kipengele kimoja huitaja huzuni kwa jina la rangi ya buluu. Atakayekitafsiri neno kwa neno atamwuliza mama wa kijijini kama anajisikia buluu. Tena, mfasiri wa pili akiirudisha sentensi hiyo katika Kiingereza, italingana kabisa na ile ya awali! Kwa hiyo tafsiri ya kurudisha, ingawa yafaa, haitoshi. Yampasa mtafiti awasomee maswali watu wachache wa mahali pale, kisha awaombe waeleze kwa maneno yao walivyoelewa. Neno la Kiswahili sanifu linaloeleweka Dar es Salaam huenda likasikika vingine Lubumbashi au Bukavu.

Alama nazo hazihami peke yake. Kiwango cha 10 katika PHQ-9 kilipimwa kwanza kwa wagonjwa wa Marekani. Kukitumia kwingine bila kukihakiki kwaweza kumwita mgonjwa mzima, au mzima mgonjwa.

Basi tasnifu njema hutaja jina kamili la kipimo, mtungaji, mwaka, idhini, waliotafsiri na jinsi tafsiri ilivyojaribiwa. Pasipo maelezo hayo, msomaji huona tarakimu tu. Hajui waliohojiwa waliulizwa nini.