Gemu la duka linapomnyima mtoto usingizi

Mama, ukimkuta mtoto ameinamia simu anapika piza, anapanga viti na kuhesabu faida ya siku, huna sababu ya kushtuka. Hapa Bugarama watoto wengi wanakulia kwenye genge au mgahawa wa mama, kwa hiyo gemu la duka linafanana na maisha wanayoyajua. Unaweza hata kufurahi kwamba anajifunza hesabu. Lakini yapo magemu ya duka yanayoanza kwa upole na kuishia kwenye vitisho, na shida yake huonekana usiku, wakati simu imeshazimwa.

Mfano mmoja ni Freddy Fazbear's Pizzeria Simulator, lililotengenezwa na Mmarekani Scott Cawthon. Lilitoka Desemba 2017, bure, kwenye kompyuta, na baadaye likaingia kwenye simu. Linaanza kama katuni: dubu anawarushia watoto piza. Ghafla picha inavurugika, na mchezaji anajikuta kwenye chumba chenye giza akitazamana na mdoli wa mashine uliochakaa. Baada ya hapo ananunua vifaa vya mgahawa wake, kisha anakaa ofisini kumalizia kazi za siku kwenye kompyuta, huku midoli ya aina hiyo ikitambaa ndani ya njia za hewa kumfuata. Anategemea sana kuisikia. Kompyuta na feni navyo vina kelele, kwa hiyo lazima avizime mara kwa mara ili asikilize. Akichelewa, mdoli unamrukia usoni kwa mlio mkali.

Kwa nini hofu inabaki

Mtu mzima anayewasha filamu ya kutisha amejiandaa. Mtoto aliyefungua gemu la piza hakujiandaa kwa lolote. Mwili wake unamwaga homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho. Hayo hutulia baada ya muda mfupi. Kinachobaki ni mazoea ya kutega sikio gizani.

Sasa mlaze mtoto huyo chini ya bati. Bati likipoa usiku linalia. Panya wanakimbia juu, mbwa wanabweka, na kama mnakaa karibu na karasha la mawe, huenda halinyamazi. Kila mlio unamwamsha kwa sababu gemu limemfundisha kwamba asiposikiliza atakamatwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na huyu hapati. Darasani anasinzia, nyumbani ananuna. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Wadogo, hasa walio chini ya miaka saba, huumia zaidi kwa sababu bado hawatofautishi vizuri hadithi na kweli.

Ndoto, kuweweseka au ugonjwa?

Hapa ndipo naomba uwe makini sana. Mtoto aliyeota ndoto mbaya huamka kabisa, anakutambua, na anaweza kukueleza alichoota. Mara nyingi hutokea kuelekea alfajiri. Anayeweweseka hupiga kelele saa chache tu baada ya kulala, macho wazi, lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu. Usimtikise. Kaa karibu asijiumize, atalala tena.

Mwenye homa ni habari nyingine. Mtoto akichemka na kuweweseka, usilaumu gemu wala usikubali kuambiwa amerogwa. Kanda yetu ina malaria nyingi. Mpeleke zahanati apimwe siku hiyo hiyo. Kama amepata degedege, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, au ni mzito kuamka, usisubiri kukuche.

Ufanye nini

Usimcheke na usimchape, hata kama amekojoa. Hofu ya mtoto ni ya kweli ingawa mdoli si wa kweli. Na tafadhali, usimwambie "lala, nisije nikamwita yule dubu". Nimesikia wazazi wakisema hivyo kwa utani. Mtoto haoni utani.

Mchana, mwambie akuonyeshe gemu lenyewe, sauti ikiwa imezimwa. Bila sauti vitisho vinapungua sana. Mweleze kwamba ni michoro, kuna mtu ameitengeneza na kuamua lini itokee. Usiku, yatajeni pamoja yanayosikika: hili bati, yule panya, ile pikipiki ya jirani. Fanyeni hivyo kila siku mpaka masikio yazoee. Lisitishe gemu hilo, na simu ilale kwako, angalau saa moja kabla ya mtoto kwenda kitandani. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, skrini haifai kabisa. Wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi saa moja kwa siku.

Kwenye Play Store kila gemu lina alama ya umri, iangalie kabla ya kupakua. Tatizo ni kwamba watoto wengi wanarushiana kwa Xender, na hapo alama hiyo hawaioni. Muulize kaka mtu.

Si kila anayecheza anaumwa. Kijana wa miaka 15 anayecheka na wenzake na kulala fofofo, mwache. Ila lijue pia gemu liitwalo Doki Doki Literature Club, la 2017. Kwa sura ni wanafunzi wanaoandika mashairi, ndani yake kuna kujiumiza na kujiua. Watengenezaji wenyewe wameandika kwamba halifai kwa watoto. Kwa kijana ambaye tayari ana huzuni, ni mzigo juu ya mzigo.

Mtoto akikuambia anataka kufa, au ukiona anajikatakata, usimwache peke yake na usimgombeze. Njoo naye kituo cha afya. Kama hofu au kukosa usingizi kumeendelea zaidi ya wiki mbili baada ya gemu kuondolewa, njoo naye pia. Ukihitaji ushauri kabla ya hapo, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.