Walipigwa kwa mbio 275, wakarudi



Mwezi huu nilitaka kuandika juu ya usafi wa madaftari ya watoto, lakini kuna jambo limenikaa moyoni. Wengi wenu mnakumbuka ile mechi ya mpira wa miguu ambayo watoto wa darasa la sita walienda kucheza nje ya kambi, na shule moja ya hapa Muyinga. Tulipigwa 8 kwa 0. Wenzetu wana viatu, wana magoli yenye nyavu, wana mwalimu wa michezo. Sisi tulikwenda miguu chini, tukiwa na mpira wa kusokota, na mimi mwalimu wa kujitolea ambaye kazi yangu ni hesabu na Kifaransa. Tuliporudi hakuna aliyeimba njiani. Kesho yake mama mmoja akanisimamisha pale bombani, akaniambia: "Mwalimu, ule mtoto wangu harudi tena kule. Banamucheka mpaka ku njia."

Nilikosa jibu. Baadaye ile shule ikatuma habari kwamba wanataka mechi ya marudiano. Nikasema, tutaona. Na nyinyi mnajua, "tutaona" ya mtu mzima mara nyingi maana yake ni hapana.

Sasa wakati wa likizo nilienda Gitega, kwa rafiki yangu anayekaa Yoba. Jioni akanionyesha kwenye simu yake mchezo ambao sikuwahi kuuelewa, kriketi. Nikacheka, nikamwambia, ah, huo ni mchezo wa Waingereza na Wahindi. Akanijibu: "Hawa unaowaona walijifunza kambini, wakimbizi kama wewe." Nikaacha kucheka. Nikaomba anieleze mpaka usiku, na nilichokipata ndicho ninachowaletea.

KRIKETI NI MCHEZO GANI?

Kwa ufupi: timu mbili, watu 11 kila upande. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo pana la mbao. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu vimesimama. Mpira ukigonga vijiti, mpigaji ametoka. Akiupiga ukadakwa kabla ya kugusa chini, ametoka pia. Akiupiga mbali, anakimbia kubadilishana upande na mwenzake, na kila kukimbia kunahesabiwa. Hizo ndizo mbio, pointi za kriketi. Wakitoka watu kumi, zamu ya timu imekwisha. Mirusho sita inaitwa ova. Kuna mchezo wa ova 50 unaochukua siku nzima, na kuna ule mfupi wa ova 20.

Kwa miaka mingi mchezo huu ulikuwa wa nchi chache kubwa: Uingereza, Australia, India, Pakistan, West Indies na wenzao. Nchi ndogo ilikuwa ikibisha hodi. Kukutana na wakubwa kulikuwa ni nadra, na mara nyingi kulikuwa na maumivu.

WALIOJIFUNZA KAMBINI

Vita vilipoingia Afghanistan mwaka 1979, watu wengi sana walikimbilia Pakistan. Kwenye kambi za karibu na mji wa Peshawar, watoto waliona Wapakistani wakicheza kriketi, wakaiga. Mmoja wa vijana hao, Taj Malik, alikusanya wenzake wakaanza timu. Mwaka 2001 nchi yao ilipokelewa kwenye shirikisho la kriketi la dunia, kwa daraja la chini kabisa. Mwaka 2008 walikuwa bado wanacheza daraja la tano, kwenye kisiwa kidogo cha Jersey huko Ulaya. Walilishinda lile daraja, wakaanza kupanda ngazi moja moja.

Mwaka 2015 wakafika Kombe la Dunia la ova 50 kwa mara ya kwanza. Tarehe 4 Machi, mjini Perth, wakakutana na Australia. Australia walipata mbio 417. Afghanistan wakapata 142. Tofauti ni mbio 275! Ndugu zangu, hiyo si kushindwa, hiyo ni kupigwa mbele ya dunia nzima. Mtu angesema: basi, rudini nyumbani, mchezo huu si wenu.

Lakini tarehe 22 Juni 2024, kwenye Kombe la Dunia la ova 20 huko West Indies, walikutana tena na Australia wale wale. Afghanistan wakapata 148. Australia wakatolewa wote kwa 127. Wamewashinda kwa mbio 21! Kwenye uwanja alikuwepo Mohammad Nabi, mtu aliyekulia ukimbizini Peshawar, na ambaye alikuwepo pia siku ile ya aibu ya Perth. Miaka tisa alibeba ile 275 moyoni, wala hakukimbia. Mwaka ule walifika mpaka nusu fainali. Huko Afrika Kusini iliwatoa kwa 56 tu, kwa hiyo msifikiri maumivu yaliisha. Yanakuja, yanaondoka.

JIRANI ZETU WA KENYA

Msidhani haya ni ya mbali tu. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilikutana na West Indies, timu iliyowahi kuchukua Kombe la Dunia mara mbili. Kenya walipata mbio 166 tu, hesabu ndogo. Kumbe ilitosha. West Indies walitolewa wote kwa 93. Hata yule bingwa Brian Lara alitolewa na mbio 8, kwa mpira wa Rajab Ali.

Mwaka 2003 wakafanya zaidi. Nairobi waliifunga Sri Lanka, bingwa wa mwaka 1996, kwa mbio 53. Kijana Collins Obuya peke yake aliwatoa watu watano. Na sikieni hili enyi wazazi: kwenye timu ile Collins alikuwa na kaka zake wawili, Kennedy Otieno na David Obuya. Tumbo moja, watatu kwenye Kombe la Dunia! Walikuwepo pia ndugu wawili, Martin na Tony Suji.

Bahati nayo ilisaidia, tusifiche. New Zealand waliogopa usalama wa Nairobi, hawakuja, Kenya ikapewa pointi za bure. Lakini Bangladesh na Zimbabwe waliwashinda uwanjani. Wakafika nusu fainali, India ikawatoa.

Mimi lakini napenda zaidi mechi waliyoshindwa. Tarehe 15 Machi 2003, Durban, walikutana na Australia, waliokuwa hawashindiki mwaka ule. Brett Lee aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Ubao ukasoma mbio 3, watu watatu nje. Wangeweza kukata tamaa. Nahodha Steve Tikolo akasimama pale, akavumilia, akapata 51, na timu ikafika 174. Kisha akaingia Asif Karim, mzee wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu na kurudishwa. Akarusha ova nane na mipira miwili, akatoa mbio 7 tu, akawatoa Waaustralia watatu. Australia walishinda, ndiyo, lakini mchezaji bora wa siku aliitwa Asif Karim, wa timu iliyoshindwa.

Na baada ya hapo? Hapa kuna huzuni. Kenya hawakupata mechi za kutosha na wakubwa, halafu yakaja matatizo ya pesa na ugomvi wa viongozi. Mwaka 2014 walipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za ova 50. Hata Kombe la Dunia lenyewe likabanwa, kutoka timu 14 mwaka 2015 mpaka 10 mwaka 2019. Mtoto hakui kwa kufungiwa nyumbani. Anakua akitoka, na akiwepo mtu mzima wa kumshika mkono.

WAGANDA NA SIKU YA 39

Novemba 2023, huko Namibia, Uganda waliifunga Zimbabwe, na kwa kuishinda Rwanda wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 la 2024, mara ya kwanza kabisa. Mechi ya kwanza walicheza na hao hao Afghanistan, wakapigwa kwa mbio 125. Mara hii wale watoto wa kambini ndio walikuwa wakubwa!

Siku mbili baadaye, tarehe 5 Juni, wakakutana na Papua New Guinea. Frank Nsubuga, miaka 43, alirusha mipira 24, akatoa mbio 4 tu na kuwatoa watu wawili. Uganda wakashinda. Ushindi wao wa kwanza kwenye Kombe la Dunia.

Tarehe 8 Juni wakapambana na West Indies. Wakatolewa wote kwa 39, hesabu ya chini kuliko zote katika historia ya kombe lile, sawa na Uholanzi ya mwaka 2014. Mechi ya mwisho na New Zealand, wakapata 40. Sasa niulize, mtu akikutajia Uganda ya 2024, utakumbuka 39 au utakumbuka mzee Nsubuga? Yote mawili ni kweli. Asiyekwenda hapati 39, lakini hapati hata siku ya tarehe 5.

MABINTI WA RWANDA

Hapo jirani tu, kriketi ya Rwanda ilianzishwa na watu waliorudi baada ya 1994 kutoka ukimbizini Uganda na Kenya. Walirudi na mchezo mfukoni. Januari 2023, mabinti wao wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia huko Afrika Kusini, chini ya nahodha Gisele Ishimwe. Waliifunga Zimbabwe, halafu wakaifunga West Indies.

Nasema hili kwa sababu hapa kambini mpira ukitoka, wasichana wanatumwa maji. Na kule Afghanistan, tangu utawala ulipobadilika mwaka 2021, wasichana wamezuiwa kucheza kabisa. Sisi hakuna aliyetuzuia. Tunajizuia wenyewe.

BASI, NA SISI?

Niliporudi kutoka Yoba niliwasimulia watoto haya yote. Waliuliza maswali mpaka kengele ikalia. Kisha golikipa wetu, yule aliyefungwa mara nane, akainua mkono. Nikadhani ataniuliza juu ya Australia. Akaniuliza: "Mwalimu, ile mechi ya marudiano tulikataa sisi ao ulikataa wewe?"

Ukweli ni kwamba nilikataa mimi. Wao hawakuulizwa. Niliona haya kuliko wao, nikasingizia kuwalinda. Nikawaomba msamaha mbele ya darasa, na tukapiga kura kwa mikono. Mikono ilikuwa mingi kuliko watu, maana wengine waliinua yote miwili.

Basi mechi ipo, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na mara hii wale wageni watakuja kwetu, kwenye uwanja wa nyuma ya shule. Baada ya wavulana, wasichana nao watacheza. Siwaahidi ushindi. Yawezekana tukapigwa tena, pengine 5, pengine 6. Nawaomba wazazi mambo matatu. Mje. Msimcheke mtoto wa mtu, hata wa jirani mliyegombana naye. Na jioni, mtoto akirudi, kabla ya kumuuliza walifungwa ngapi, mwulize amejifunza nini kwa wale waliomfunga.

Na wewe mama wa pale bombani, nimekuwekea nafasi mbele.