Picha Iliyofungwa Ndani ya Kamera

Mwaka 2005 jarida la Science lilitangaza habari za kima ambaye sayansi ilikuwa bado haijamwandika: kipunji. Watafiti walikuwa wamemwona katika Mlima Rungwe mwaka 2003, na wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, mwaka 2004. Alipopewa jina la kisayansi hapakuwa na ngozi wala fuvu lililohifadhiwa. Wataalamu walitegemea picha. Baadaye alipatikana kima mmoja aliyekufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe, na mwaka 2006 kipunji akawekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Picha, basi, si pambo tu. Yaweza kuwa ushahidi.

Niliyakumbuka hayo nilipokuwa likizoni Kyimo, kando ya barabara iendayo Tukuyu. Mwalimu mmoja wa biolojia aliniletea kamera yenye picha za vinyonga na mimea ambazo wanafunzi wake walikuwa wamezipiga kwa majuma kadhaa. Kompyuta yake inaendeshwa kwa Linux. "Tumeiunganisha, Daktari, lakini hatuoni kitu," alisema. Mwanafunzi mmoja akashauri kadi ifomatiwe upya. Nilimzuia mara moja. Kufomati si kutengeneza. Ni kuandaa kadi kana kwamba haina kitu. Kanuni ya kwanza ni hii: usiandike chochote katika kadi kabla picha hazijanakiliwa mahali pengine.

Kupachika maana yake nini?

Katika Linux mafaili yote hukaa katika mti mmoja wa folda, ambao mzizi wake ni alama ya mkwaju, /. Diski ngeni haina budi kuunganishwa na tawi mojawapo la mti huo, kama mkulima abebeshavyo kikonyo cha parachichi juu ya shina. Kitendo hicho ndicho kupachika. Kisipofanyika, picha zipo, lakini hakuna njia ya kuzifikia.

Tuulize hatua kwa hatua

Mtafiti mwema huanza nje akielekea ndani. Swali la kwanza: je, waya unapitisha habari? Waya wa kawaida wa USB 2 una nyuzi nne: mbili za umeme na mbili za habari. Baadhi ya waya za kuchajia hazina nyuzi za habari. Kamera itapata umeme, lakini itabaki bubu. Washa kamera, fungua dirisha la amri, kisha andika lsusb. Jina la kamera lisipoonekana, badili waya au tundu.

Swali la pili: je, kamera imejitambulisha kama diski? Andika lsblk kabla ya kuunganisha, na tena baada ya kuunganisha. Likiongezeka jina, kwa mfano sdb1, hilo ndilo la kadi. Usikisie, kwani jina jingine laweza kuwa la diski ya kompyuta yenyewe. Kisha pachika kwa kusoma tu:

sudo mkdir /mnt/kamera
sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/kamera

Herufi ro huzuia kuandika katika kadi. Aghalabu picha huwa ndani ya folda iitwayo DCIM, zinakili zote. Kompyuta ikijibu kwamba haitambui mfumo wa mafaili, fikiria umri wake. Kadi za SD zinazozidi gigabaiti 32 kwa kawaida hutumia exFAT, na kiini cha Linux kilianza kuja na programu ya mfumo huo katika toleo la 5.4, mwaka 2019. Kompyuta ya zamani zaidi huhitaji kuongezewa programu.

Kamera isiyo diski

Kwa mwalimu wetu lsusb ilitaja kamera, lakini lsblk haikuonyesha diski mpya. Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Kamera nyingi hazijifanyi diski. Huzungumza kwa itifaki ya kuhamishia picha iitwayo PTP. Kamera ya namna hiyo haipachikwi kwa mount, hata ukijaribu mara mia. Huombwa picha kwa programu ya gphoto2:

gphoto2 --auto-detect
gphoto2 --get-all-files

Amri ya kwanza ilitaja kamera. Ya pili ilikataa, ikisema kifaa kinatumiwa na programu nyingine. Kumbe dirisha la mafaili lilikuwa limekwisha kuishika kamera kimyakimya. Tuliiachisha kamera katika dirisha hilo, tukarudia amri, na vinyonga wakaanza kuingia mmoja mmoja. Vinginevyo, tungaliweza kuitoa kadi na kuitia katika kisomeo cha kadi, ambacho ni diski hasa.

Uliyepachika kwa mount, usichomoe waya kabla ya kuandika sudo umount /mnt/kamera. Ukiambiwa folda ina shughuli, yamkini dirisha lako la amri limesimama ndani yake. Andika cd, kisha rudia.

Yule kijana aliyetaka kufomati ndiye aliyezihesabu picha, na hakuna iliyopotea. Kompyuta haikuwa imeficha kitu. Ilikuwa ikingojea kuulizwa swali linalofaa. Wanafunzi wenzangu, kabla ya kutengeneza, ulizeni. Na kabla ya kufuta, nakilini.